Chembe, Punje na Donge: Upimaji wa Udongo Maabarani na Matatizo ya Istilahi Zake

Makala haya yanahusu neno moja, mfinyanzi, na jinsi linavyotumiwa katika kueleza ripoti za maabara za udongo. Ili kulichunguza neno hilo itatupasa kwanza kueleza kwa mapana jinsi wataalamu wanavyopima ukubwa na umbo la chembe ndogo, kwa sababu haiwezekani kuamua kama istilahi fulani inafaa bila kujua ni kitendo gani kilichofanyika hata tarakimu ikapatikana. Sisi walimu wa lugha tumezoea kuzipokea istilahi za sayansi zikiwa tayari katika orodha, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kisha tukabishana juu ya ngeli na minyambuliko. Kufikia hapo huwa tumekwisha kuchelewa.

Kisa kilichonisukuma kuandika kilitokea Nyakoe, karibu na mji wa Kisii, kando ya barabara iendayo Kisumu. Jamaa moja ya huko ilikusudia kung'oa sehemu ya migomba yao na kupanda miparachichi, na kijana wa nyumba akapeleka sampuli ya udongo maabarani. Ripoti ilikuja kwa Kiingereza. Jirani aliyesoma akawatafsiria kwamba zaidi ya nusu ya udongo wa shamba lile ni mfinyanzi. Sasa kila mkulima anajua kwamba mparachichi hauvumilii mizizi yake kukaa majini, na kwamba udongo wa mfinyanzi hushika maji. Miche iliyokwisha kulipiwa ilikuwa karibu kurudishwa. Nilipofika kuwaamkia niliombwa niisome ripoti upya, kwa kuwa mimi ndimi mwalimu wa Kiswahili. Nikaisoma, na nikaona kuwa tafsiri ya jirani ilikuwa sahihi neno kwa neno. Mama wa nyumba, ambaye ni mzee, hakubishana nasi. Aliinama, akachota udongo ule mwekundu, akaufikicha, nao ukamwagika vidoleni kama chenga za mahindi. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, chungu gani kitafinyangwa kwa huu?"

Mama alisema kweli, na maabara nayo ilisema kweli. Jambo la kueleza ni jinsi kweli mbili zilivyogongana katika neno moja.

Udongo ni mchanganyiko wa chembe za ukubwa mbalimbali. Wataalamu wamekubaliana kuzigawa kwa madaraja. Katika utaratibu wa Idara ya Kilimo ya Marekani, ambao umeenea mno, kilichozidi milimita 2 ni changarawe na hakihesabiwi. Kutoka milimita 2 hadi 0.05 ni mchanga. Kutoka 0.05 hadi 0.002 ni daraja la kati, ambalo nitaliacha kwa sasa bila jina. Chini ya milimita 0.002 ndilo daraja ambalo tafsiri zetu huliita mfinyanzi. Mipaka hii ni ya makubaliano tu. Upo utaratibu mwingine unaouweka mpaka wa mchanga kwenye milimita 0.02, na kwa utaratibu huo udongo ule ule hupata asilimia tofauti ya mchanga pasipo kuongezwa wala kupunguzwa hata chembe moja.

Kwa nini ukubwa uhangaikiwe hivyo? Tuchukue mchemraba wenye upande wa milimita 1. Nyuso zake zote kwa jumla zina eneo la milimita mraba 6. Tukiukatakata uwe michemraba yenye upande wa milimita 0.002 tutapata vipande milioni 125, na jumla ya nyuso zake itakuwa milimita mraba 3,000, ingawa uzito haukubadilika. Maji na virutubisho vya mimea hushikwa juu ya nyuso. Basi daraja lile la mwisho, hata likiwa dogo kwa uzito, ndilo lenye kauli kubwa katika tabia ya udongo.

Chembe kubwa hupimwa kwa chekecheke. Maabara huzipanga chekecheke kadhaa, yenye matundu makubwa juu na yenye matundu madogo chini, huzitikisa kwa mashine kwa muda maalumu, kisha hupima uzito wa kilichobaki katika kila moja. Hapa Kiswahili kinajitosheleza, na labda kinazidi kujitosheleza. Tunacho kitenzi kuchekecha, ambapo tundu ndilo linaloamua. Tunacho kupepeta, ambapo upepo ndio unaoamua, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na upana wake. Tunacho kupeta kwa ungo, ambapo mkono na mrusho huamua. Na tunacho kuchuja, ambapo kiowevu hupita na kigumu hubaki. Mwanamke anayetayarisha wimbi havichanganyi vitendo hivi, wala maabara haivichanganyi. Lakini katika tafsiri za vitabu vya shule nimeona vyote vikiitwa kuchuja.

Mfano ulio karibu na watu wa Kisii ni kahawa. Daraja la AA la kahawa ya Kenya hupatikana kwa chekecheke yenye matundu ya milimita 7.2 hivi: punje zisizopita humo ndizo AA. Daraja la PB haliamuliwi na ukubwa pekee bali na umbo; ni zile punje za mviringo zinazotokea tunda linapozaa mbegu moja badala ya mbili zenye ubapa upande mmoja. Na daraja la TT ni punje nyepesi zilizoondolewa kwa upepo kutoka AA na AB. Yaani kiwanda kimoja kinauliza maswali matatu, la tundu, la umbo na la upepo, na majibu hayawi mamoja. Punje ya TT iliwahi kuwa ndugu wa AA mpaka upepo ulipowatenga.

Chekecheke nayo ina udanganyifu wake. Haipimi urefu wa kitu. Punje ya mchele mrefu ikisimama wima hupenya tundu dogo kuliko urefu wake mara tatu. Kinachoizuia ni upana wake. Kadiri chekecheke inavyotikiswa kwa muda mrefu ndivyo punje nyingi zaidi zinavyobahatika kusimama na kupita. Kwa hiyo tarakimu itokayo hapo ingefaa iitwe kipenyo cha chekecheke, ili msomaji ajue kwamba ni jibu la swali la tundu.

Chini ya milimita 0.05 hivi chekecheke haifai tena, na kazi huhamia katika maji. Hapa msingi ni kanuni ya George Gabriel Stokes ya mwaka 1851: tufe dogo linalozama katika kiowevu huenda kwa mwendo unaolingana na mraba wa kipenyo chake. Kipenyo kikiwa maradufu, mwendo huwa mara nne. Kwa maji yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, chembe yenye kipenyo cha milimita 0.05 huzama sentimita 10 kwa sekunde 45 hivi, na chembe ya milimita 0.002 huchukua karibu muda wa saa 8. Udongo hukorogwa katika silinda ndefu ya kioo, na saa ikaanza kuhesabu. Mwaka 1922 G. W. Robinson alieleza njia ya kuchovya pipeti kwa kina maalumu na wakati maalumu, kunyonya kiasi kidogo, kukikausha na kukipima. Mwaka 1927 George Bouyoucos wa Marekani akaleta njia nyepesi zaidi: haidromita huelea katika silinda, na kadiri chembe zinavyotuama maji yanapungua uzito nayo haidromita ikazidi kuzama. Yeye alisoma baada ya sekunde 40 na tena baada ya muda wa saa 2. Wapo waliomkosoa kwamba muda huo wa pili ni mfupi mno, na naona wana hoja. Lakini maabara nyingi zenye kazi nyingi na wafanyakazi wachache zimeendelea kumfuata.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, jirani yangu bwenini alikuwa mwanafunzi wa udongo. Nilimwona akiweka kengele imwamshe usiku wa manane ili akanyonye pipeti. Nilimcheka. Sikujua kwamba ningekuja kuandika juu ya saa zake nane.

Kitenzi cha Kiswahili kwa jambo hili ni kutuama, na matokeo yake ni mashapo. Hakuna haja ya kukopa. Ila yafaa tukumbuke kwamba kanuni ya Stokes imesema tufe, na chembe za daraja la mwisho si matufe. Zikitazamwa kwa hadubini ya elektroni, chembe za kaoliniti, madini yaliyo mengi katika udongo mwekundu wa nchi za joto, huonekana kama vibapa vyembamba, vingi vyake vikiwa na pembe sita. Kibapa huzama kwa kuyumbayumba kama jani na huchelewa kuliko tufe lenye ujazo sawa nacho. Basi maabara inaposema kipenyo ni milimita 0.002, maana yake ni hii: chembe hii ilizama kwa mwendo ambao tufe la milimita 0.002 lingezama. Kipenyo chenyewe hakikuonwa na mtu. Nashauri kiitwe kipenyo cha kutuama.

Sasa turudi kwa mama wa Nyakoe, kwani hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kabla ya kutiwa katika silinda, udongo hutayarishwa. Kwanza mboji huunguzwa kwa haidrojeni peroksaidi. Kisha hutiwa sodiamu heksametafosfati, chumvi inayozifanya chembe zisukumane badala ya kushikamana, na mchanganyiko hutikiswa, pengine usiku kucha. Yaani maabara huvunja kila kilichofungwa pamoja ili ihesabu chembe mojamoja. Katika udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kisii kufunga huko ni kukubwa. Oksidi za chuma, zile zile zinazoutia wekundu, hugandisha chembe laini kuwa vijidonge imara, vyenye ukubwa wa mchanga. Shambani maji hupita katikati ya vijidonge hivyo kama yapitavyo mchangani, na mizizi hupumua. Mkulima anaushika udongo uliofungwa, maabara inauhesabu udongo uliofunguliwa. Tena maabara isipokaza kuuvunja, vijidonge hivyo huhesabiwa kuwa mchanga, na ripoti hupunja daraja la mwisho. Ripoti ya Nyakoe haikuwa na kosa hilo. Iliandikwa na mtu aliyeufungua udongo vizuri. Kosa lilikuja pale jina la daraja la chembe lilipotafsiriwa kwa jina la udongo wa shambani.

Udongo wa Kisii si mgeni katika maandishi ya kitaalamu. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Wageningen, Uholanzi, kiliendesha huko mradi wa mafunzo ya elimu ya udongo, na mwaka 1982 W. G. Wielemaker na H. W. Boxem wakatoa kitabu kuhusu udongo wa eneo hilo. Miaka miwili baadaye Wielemaker alitoa tasnifu yake juu ya mchwa wa Kisii kama waundaji wa udongo. Naitaja kwa sababu mchwa nao ni wapimaji. Mdudu huinua juu kile tu anachoweza kukibeba, changarawe humshinda ikabaki chini. Akifanya hivyo vizazi kwa vizazi huutenga udongo kwa ukubwa kama chekecheke iliyogeuzwa juu chini.

Njia mpya zaidi ni ya mwanga wa leza. Chembe hupitishwa mbele ya mwali. Kubwa huutawanya mwanga kwa pembe ndogo, ndogo kwa pembe kubwa, na kompyuta hukokotoa ukubwa kutokana na mtawanyiko huo kwa kutumia nadharia ambayo Gustav Mie aliitoa mwaka 1908. Kazi ya usiku mzima humalizika kwa dakika chache. Lakini kibapa kinachozunguka majini huonekana mbele ya mwanga kuwa kipana, ilhali katika silinda kilionekana kuwa kidogo kwa kuchelewa kuzama. Kwa hiyo leza kwa kawaida huripoti chembe chache za daraja la mwisho kuliko pipeti, kwa udongo ule ule. Mtu aliyepewa ripoti mbili zenye neno moja "ukubwa" atadhani maabara mojawapo imemdanganya. Ripoti zikitaja kipenyo cha kutuama na kipenyo cha mwanga, hataona ugomvi wowote.

Kuhusu umbo nitakuwa mfupi, ingawa kwa mtu wa lugha hapa pana utamu wake. Chini ya hadubini chembe hupimwa kwa kuibana baina ya mistari miwili sambamba, kama fundi abanavyo bomba kwa kalipa. Kipimo hicho huitwa kipenyo cha Feret, na hubadilika kila chembe inapogeuzwa. Mwaka 1935 Theodor Zingg aliainisha kokoto kwa kulinganisha urefu, upana na unene wake, akapata aina nne. Kwa Kiswahili aina hizo zaweza kuitwa tufe, kisahani, kijiti na upapi. Neno la mwisho fundi seremala yeyote analijua. Tatizo lipo katika neno mviringo. Hakon Wadell alikwisha kuonyesha mwaka 1932 kwamba kuna sifa mbili zinazochanganywa: ukaribu wa umbo zima na tufe, na kulika kwa kingo na pembe. Dado mpya la kuchezea liko karibu na tufe kwa vipimo vyake vitatu, lakini kingo zake ni kali. Tofali lililosombwa na mto miaka mingi limelika kingo zote, na bado ni refu. Kiswahili cha kila siku huviita vyote viwili mviringo au hukataa kuviita hivyo, kwa kutegemea msemaji. Napendekeza utufe kwa sifa ya kwanza na ulikaji wa kingo kwa ya pili. Ulikaji huo M. C. Powers aliutolea mwaka 1953 picha za kulinganishia, kuanzia chembe zenye ncha kali hadi zilizolainika kabisa, na jicho la mwanafunzi huzoea haraka.

Turejee kwenye mfinyanzi. Neno hili kwa asili ni jina la mtu, fundi wa vyungu, na udongo wa mfinyanzi ni udongo wake yeye, ulioteuliwa kwa kazi yake. Vitabu vya shule vikalipanua litaje aina ya udongo shambani, mwenza wa kichanga na tifutifu. Ripoti za maabara zikalipanua tena litaje chembe zote zilizo chini ya milimita 0.002, na katika mfinyo huo kihusishi kikadondoka. Ripoti inayosema kwamba zaidi ya nusu ya shamba ni mfinyanzi, kwa sarufi, inasema shamba limejaa mafundi wa vyungu. Mtu atasema Kiingereza nacho kinatumia neno moja kwa maana zote tatu. Ni kweli, na wanafunzi wa Kiingereza wanataabika nalo vile vile. Sioni kwa nini turithi taabu hiyo ilhali tunaanza upya. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na ripoti za aina hii zitazidi kutakiwa kwa Kiswahili.

Pendekezo langu ni kutofautisha maneno matatu tuliyo nayo. Chembe iwe kipande kimoja kisichovunjika kwa utayarishaji wa maabara. Punje iwe kile kinachoonekana na kuhesabika kwa macho, kama punje ya kahawa au ya mchanga mkubwa. Donge, au kijidonge, iwe chembe nyingi zilizofungwa pamoja. Daraja la mwisho liitwe chembe laini sana, na mpaka wake utajwe kwa tarakimu. Mwenzangu mmoja alipendekeza chembe elezi, kutokana na kuelea. Lilinipendeza kwa dakika moja, kisha nikaona kwamba msikilizaji atafikiri zinaeleza jambo. Mfinyanzi abaki na udongo wake.

Kwa maneno hayo niliitafsiri upya ripoti ya Nyakoe: zaidi ya nusu ya uzito wa udongo huu ni chembe laini sana, chini ya milimita 0.002, zilipopimwa kwa kutuama; shambani chembe hizo zimefungwa katika vijidonge. Kijana aliuliza kama maji yatapita. Tulichimba shimo la kina cha magoti, tukalijaza maji, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi shimo lilikuwa tupu. Miche haikurudishwa.

Lilibaki daraja la kati, ambalo sikulipa jina. Wengine huliita mchangatope, neno linalounganisha vitu viwili ambavyo daraja hilo si kimojawapo. Jioni ile niliteremka mtoni, nikachota mashapo laini ya ukingoni yaliyokauka, nikamletea mama bila kumwambia ni nini. Aliyafikicha kwa vidole viwili, kisha akasema ni kama unga wa obori, yaani wimbi, uliosagwa mara mbili. Wataalamu nao hufundisha kwamba chembe za daraja hilo zikikauka hutambulikana kwa kuteleza kama unga. Naliweka basi mbele ya wasomaji jina udongo unga, nikingoja aliye na bora zaidi.